Majibu yakiwa "chanya", mgonjwa afurahi au alie?

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja tu. Najua barua za wasomaji huwa za maji, barabara na ushuru wa soko, na hayo yote ni haki yake kuandikwa. Lakini neno hili nimelibeba moyoni tangu mwaka jana na sitatulia mpaka niliseme mbele za watu. Ni neno la Kiingereza, "positive", ambalo sisi tumelifasiri "chanya" na kulipeleka kila mahali: hospitalini, redioni, kwenye semina, kwenye hotuba, na katika kurasa za gazeti lako.

Mimi ni mkazi wa Chumbageni, hapa Tanga mjini. Kazi yangu ilikuwa maabara. Niliianza mwaka 1978 nikastaafu mwaka 2015, na kwa miaka hiyo 37 nilishinda nimeinamia hadubini na kuandika majibu ya watu.

Sasa kisa chenyewe. Kuna kijana mmoja, fundi baiskeli, ana kibanda chake Ngamiani kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Marehemu mama yake alikuwa shoga yangu, kwa hiyo mimi ananiita mamkubwa. Mwaka jana, wakati wa vuli, nilimpelekea baiskeli ya mjukuu wangu, gurudumu la nyuma likivuja upepo. Nikaketi kwenye kibao nikimsubiri. Akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaichovya kwenye beseni la maji akiizungusha taratibu kidogo kidogo, mpaka mapovu yakachomoza mahali pamoja. "Hii hapa pancha," akasema, akapatia alama kwa ncha ya msumari. Kabla hajashika msasa akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha chini, kizito, cha mtu aliyekohoa siku nyingi, na kila kikimjia alijishika ubavu. Nikaitazama shingo yake, nikaona kola ya shati imempwaya.

"Mwanangu, kikohozi hiki cha tangu lini?"

"Kina kama miezi miwili, mamkubwa. Lakini usitie shaka. Nilikwenda kupima makohozi, majibu mazuri."

"Umeyaona mwenyewe?"

"Ninayo hapa."

Akajifuta vidole kwenye gunia, akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Pembe yake moja ilikuwa imegandishwa na solusheni, ikabidi aibandue polepole isichanike. Nikaikunjua juu ya goti. Palikuwa na jina lake, tarehe, muhuri wa bluu wa zahanati, na kwa mwandiko mzuri wa kalamu: "Makohozi: CHANYA", na mbele yake alama mbili za kujumlisha.

Akaniambia, "Chanya si ndiyo nzuri, mamkubwa? Redioni kila siku wanatuambia tuwe na mtazamo chanya. Na wameniwekea na jumlisha mbili."

Alidhani zile jumlisha ni maksi. Pale dirishani aliambiwa, "Majibu chanya, Jumatatu urudi," naye akafikiri anaitwa kuchukua dawa ya kifua ya kawaida, akaona hana haja ya kupoteza siku ya kazi. Niliitazama tarehe nikahesabu. Zilikuwa zimepita siku 22. Siku 22 alilala chumba kimoja na mkewe na watoto wawili, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya mbu.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa wameandika kwamba vijidudu vya kifua kikuu vimeonekana."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Vimeonekana wapi?"

"Kwenye makohozi yako."

Akaiacha tyubu ikiwa ndani ya maji, akakaa chini.

Siku ile ile nilifuatana naye. Alianzishiwa dawa, miezi miwili ya dawa nne na miezi minne ya dawa mbili, na nyumba nzima ikapimwa. Yule mtoto mdogo, wa miaka mitatu, naye alikutwa ana kifua kikuu. Sitasema ni zile siku 22 ndizo zilizompa; huenda alikwisha kuupata kabla, kwa sababu ugonjwa huu huchukua muda kujionyesha. Lakini zile siku zilikuwapo, na mimi siwezi kuzisahau.

Naomba nieleweke, Mhariri. Siilaumu zahanati ile wala siitaji. Aliyepima alipima sawasawa. Aliyeandika aliandika kwa Kiswahili ili mgonjwa aelewe, na nia yake ilikuwa njema kuliko yangu mimi enzi zangu. Maana mimi mezani kwangu nilikuwa na mihuri miwili ya mpira, mmoja POSITIVE wa wino mwekundu, mwingine NEGATIVE wa wino wa bluu. Nimegonga maelfu ya karatasi, nikazipitisha dirishani, sikuuliza hata siku moja mtu yule anakwenda kusoma nini humo. Kwa hiyo nikisema neno hili limedhuru watu, najihesabu miongoni mwa waliolitumia.

Baada ya kisa kile nilirudi nyumbani nikaanza kulifukua neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, kitenzi ponere, maana yake kuweka. Likapitia Kifaransa likaingia Kiingereza, na huko mwanzo lilikuwa neno la wanasheria: sheria "positive" ni ile iliyowekwa na watu, ikaandikwa, tofauti na ile inayosemekana ipo tu katika maumbile ya mwanadamu. Si nzuri wala si mbaya. Imewekwa, ipo. Na mwenzake, "negative", linatokana na negare, kukana, kusema hapana. Basi shina la maneno haya mawili ni lile ambalo sisi tunalisema kwa silabi mbili tatu: ipo, haipo.

Ukilishika hilo, matumizi yake yote yanafunguka. Mwalimu wetu wa Kiingereza sekondari alitufundisha kwamba kivumishi kina hatua tatu, kubwa, kubwa zaidi na kubwa kuliko zote, na ile ya kwanza ambayo haijalinganishwa na kitu ndiyo iitwayo "positive". Mtu mbaya, kwa sarufi ya Kiingereza, naye yumo katika hatua hiyo ya kwanza. Hakuna aliyetuambia kuna uzuri ndani yake.

Au chukua picha. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka studio za zamani, ambako ukipiga picha unapewa na ule utepe mweusi. Mwingereza John Herschel ndiye aliyeleta majina hayo mawili kwenye upigaji picha, mwaka 1840: "negative" ni ule utepe ambapo weusi wa uso unatoka mweupe na kanzu nyeupe inatoka nyeusi, na "positive" ni picha yenyewe kama jicho linavyoiona. Baba yangu ana picha moja tu aliyowahi kupiga, amesimama kando ya kiti cha ukindu, mkono juu ya mwegamo. Ilipochakaa, kilichotuokoa ni ule utepe, ambao mama aliuhifadhi ndani ya bahasha chini ya godoro miaka chungu nzima. Tulitoa nakala sita, kila mtoto yake. Ukiniambia utepe ule ni kitu "hasi", nitakuuliza kwa vipi, na ndio uliobeba sura ya baba.

Kwenye umeme ni Mmarekani Benjamin Franklin, katika miaka ya 1740, aliyegawa majina ya pande mbili, na aligawa kwa kukisia. Mwaka 1897 J. J. Thomson alipogundua elektroni, ikaonekana vichembe vinavyotembea ndani ya waya ni vya upande ule ambao Franklin aliuita "negative". Fundi betri wa hapa kwetu hana shida na jambo hilo. Yeye anasema plasi na mainasi, waya mwekundu na waya mweusi, na gari linawaka.

Kwenye damu ndipo nilipoona machozi. Binti mmoja mjamzito, wa huku Makorora, aliambiwa kliniki kwamba damu yake ni "O hasi". Mama mkwe wake aliyemsindikiza akataharuki. Damu hasi ni damu gani? Imepungua? Ina laana? Nusura ndoa iingie maneno. Kumbe kinachosemwa ni kwamba kwenye seli nyekundu za binti yule hakuna chembe fulani inayoitwa Rh, chembe iliyotangazwa mwaka 1940 na Karl Landsteiner na Alexander Wiener, ikapewa jina la kima aitwaye rhesus. Wengi wetu Waafrika tunayo, wachache hawana, na asiye nayo si mgonjwa. Kinachotakiwa ni mganga kujua mapema, kwa sababu mama asiye nayo akizaa mtoto aliye nayo, mama anatakiwa achomwe sindano maalumu ndani ya saa 72 ili mimba zinazofuata zisije zikaharibika. Hayo yote yangeelezeka kwa sentensi moja: "Mwanangu, damu yako ni kundi O, na chembe ya Rh haina." Mama mkwe angeuliza maana ya Rh, akajibiwa, wakaenda zao.

Hapo ndipo ninapotaka nikae kidogo, Mhariri, kwenye sikio. Lugha husikika kabla ya kueleweka. Mswahili akisikia "hasi", sikio lake tayari limejaa hasara, hasira, hasidi, hasimu. Hakuna jirani hata mmoja mwema katika mtaa huo. Na kitenzi kuhasi, kila mfugaji wa mbuzi anajua maana yake. Akisikia "chanya", sikio linamletea kuchanua, kuchangamka, uchanga wa jani. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajafundishwa lolote, ukimpa maneno hayo mawili achague lipi la heri, hatakosea. Wahisabati walipoyachukua kwa ajili ya namba walifanya vizuri, kwa sababu namba haina moyo. Tano iliyo chini ya sifuri haiogopi. Makosa yalianza tulipoyatoa darasani tukampa mgonjwa ayapeleke nyumbani.

Tena yakaongezeka pale neno lilipopata kazi ya pili. Kwa Kiingereza "positive" siku hizi ni sifa ya kupendeza pia: mtu mwenye matumaini, habari njema, ukosoaji wa kujenga. Nasi tukasema mtazamo chanya, mabadiliko chanya, mrejesho chanya. Wiki chache zilizopita gazeti lako liliandika ukurasa wa mbele juu ya "matokeo chanya" ya mradi wa maji. Siku ile ile, ukurasa wa afya, mkaandika watoto waliopimwa malaria na majibu yao "kuwa chanya". Msomaji wa kawaida afungue ukurasa mmoja afurahi, afungue wa pili afanye nini? Na kusema kweli, kwenye ule ukurasa wa mbele hamkuwa na haja nalo. Mradi umeleta maji, mradi umefanikiwa, watu wameupokea kwa furaha. Kila moja ya hizo inasema zaidi ya "chanya".

Nisisahau maana moja nyingine, maana iliwahi kumletea mtu madhara mbele ya macho yangu. Waingereza wakitaka kusema "nina hakika kabisa" husema wao ni "positive". Katika miaka ya tisini tulikuwa na daktari wa kujitolea kutoka kwao, kijana mpole. Asubuhi moja wodini akaulizwa na mwenzake kama ana hakika na kipimo fulani cha dawa, akajibu kwa lugha yao kwamba yeye ni "positive". Mama wa usafi alikuwa pale na ndoo yake. Kiingereza hakijui, lakini neno lile alilijua, kama Watanzania wote walivyolijua miaka ile. Tangu siku hiyo hakukigusa kikombe cha yule daktari. Alikiosha kwa kukisukuma kwa kijiti chini ya bomba. Ilichukua muda sisi kujua sababu, na daktari mwenyewe aliondoka Tanga bila kuambiwa.

Nasema Watanzania wote walilijua kwa sababu ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza hapa nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na vipimo vilipotufikia, neno la Kiingereza lilitumika kama pazia. Muuguzi alilinong'ona kwa mwenzake ili ndugu wa mgonjwa wasielewe. Pazia lile halikudumu. Baada ya miaka michache lilikuwa neno la kijiweni: fulani ni "positive". Angalia lilivyogeuka. Aliyelianzisha maabara alikuwa anasema habari za kipimo. Kipimo ndicho kilichopewa sifa hiyo. Kufika kwetu, sifa ikatoka kwenye kipimo ikabandikwa mtu. Mtu mzima, mwenye jina, mke na shamba, akawa ndiyo jibu. Mitaani wakaongeza yao: amekanyaga miwaya, ana ngoma. Tumeshukuru Mungu dawa zimekuja, tangu mwaka 2004 zinatolewa bure, watu wanaishi, wanazaa watoto wasio na virusi. Na hata lugha ilitengenezwa: tuliacha kusema waathirika, tukasema watu wanaoishi na VVU. Kama tuliweza hilo, hili nalo tunaliweza.

Mama mmoja wa Pongwe, anayetumia dawa miaka mingi na kwa uaminifu, alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza, kipimo cha kidoleni, ilisema chanya. Ya pili, ya wingi wa virusi kwenye damu, ilisema virusi havionekani. Akaniuliza, "Mwanamaabara, ipi inanidanganya?" Hakuna iliyomdanganya. Kile cha kidoleni hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandikisha siku virusi vilipoingia, na askari hao wakishaandikishwa hawaondoki. Cha pili kinahesabu virusi vyenyewe, na dawa imevibana mpaka mashine haivioni. Ingeandikwa "kingamwili za VVU zipo" kwenye ya kwanza, na "virusi havijaonekana" kwenye ya pili, mama yule asingehitaji kupanda daladala kuja kwangu.

Ninachotaka kusema ndicho hicho. Kiswahili hakihitaji kivumishi hapa. Kiingereza kinapenda kukipa kitu sifa, sisi tunapenda kusema kilichotokea. Na wananchi walikwisha kulitatua jambo hili zamani sana bila semina. Muulize mtu yeyote aliyetoka kupima malaria kwa slaidi ya damu. Hatakuambia yeye ni chanya. Atakuambia, "Nimekutwa na wadudu wawili." Sisi wa maabara tulikuwa tukiwasahihisha, tukiwaambia idadi ile si wadudu wote walio mwilini, ni wale tuliowahesabu kwenye sehemu ndogo ya slaidi. Ni kweli. Lakini mtu yule alikuwa ameelewa lililo kubwa: kuna kitu kilitafutwa, kimeonekana. Mama aliyepima mimba naye hasemi chanya. Anasema, "Imetoka mistari miwili," na uso wake ndio utakaokuambia kama ni habari ya heri au ya mashaka, kwa sababu mistari ile ile miwili ni furaha kwa aliyeolewa miaka saba na ni kilio kwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Kipimo hakina haki ya kumchagulia mtu furaha yake.

Hata mashine zenyewe zimeliacha neno hili. Ile mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipitisha itumike kwa kifua kikuu mwishoni mwa mwaka 2010, haitoi jibu la "positive". Karatasi yake husema kijidudu kimegunduliwa, au hakikugunduliwa. Waliotengeneza ni wenye Kiingereza chao, na waliona afadhali waseme wazi. Na wale panya buku wa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliofunzwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi: panya akifika kwenye kikopo chenye vijidudu husimamisha pua juu yake kwa sekunde tatu hivi. Anamwambia mfunzi wake, kipo hapa. Fundi baiskeli wangu naye, alipoichovya tyubu majini, hakusema tyubu ni chanya. Aliona mapovu akasema, "Hii hapa pancha."

Jambo la "haipo" linataka uangalifu zaidi, na hapa naomba wenzangu wa maabara wanisikilize. Tusikimbilie kumwambia mtu "hauna". Hadubini haioni kila kitu. Makohozi yanatakiwa yawe na vijidudu kati ya 5,000 na 10,000 kwa mililita moja ndipo mtu mwenye macho mazuri na subira avione kwenye slaidi. Chini ya hapo vinaweza kuwapo na nisivione. Aliyeambukizwa VVU juzi, kipimo cha kidoleni leo hakitamwonyesha, kwa sababu askari hawajaandikishwa. Na upande wa pili, kipimo cha haraka cha malaria huweza kuendelea kutoa mstari kwa wiki kadhaa baada ya mtu kumaliza dawa na kupona, maana kinashika masalia ya vimelea. Kwa hiyo neno la kweli ni "hakijaonekana". Lina unyenyekevu ndani yake. "Hasi" halina; linafunga mlango. Mgonjwa akiambiwa "hakijaonekana, kikohozi kisipoisha rudi", anajua afanye nini.

Najua watakaonijibu kwamba chanya na hasi ni istilahi sanifu, zimo kwenye kamusi, na kwamba tukiziondoa tunairudisha lugha nyuma. Siziondoi. Ziache kwenye hisabati, ziache kwenye fizikia, mwanafunzi ahesabu nazo. Mimi nazungumzia karatasi inayotoka dirishani na kuingia mkononi mwa mtu mwenye homa. Pale usanifu wa neno ni mgonjwa kulielewa akiwa amesimama, akiwa na mtoto mgongoni, bila mtu wa kumfasiria. Na wengine watasema mgonjwa aulize. Tuliokaa nyuma ya dirisha lile tunajua: foleni ni ndefu, nyuma yake wanamsukuma, na mtu mzima anaona haya kuuliza maana ya neno la Kiswahili. Lingekuwa la Kiingereza angeuliza bila aibu.

Basi ombi langu kwako, Mhariri, kwa sababu watu wanajifunza kusema kutoka gazetini. Waandishi wako wakiletewa taarifa ya afya yenye "waliobainika kuwa chanya", waibadilishe kabla haijakwenda mitamboni. Waandike waliokutwa na malaria, waliokutwa na kipindupindu, ambao virusi vimeonekana kwenye damu yao. Maneno hayo hayazidi nafasi. Na kwa wenzangu walioko kazini, hapa Tanga na kwingineko: karatasi ikiwa na fomu ya Kiingereza, jaza inavyotaka, halafu chini yake, kwa kalamu, ongeza mstari mmoja. "Vimeonekana. Rudi kesho, dawa zipo." Nimekwisha kuwaomba vijana wawili ninaofahamiana nao wafanye hivyo, na wanafanya.

Yule kijana alimaliza dawa zake mwaka huu, mwezi wa sita, kabla ya maulidi ya mtaani kwetu. Mwili umerudi, kola imejaa, na mtoto wake amepona, anakimbiza kuku uani. Siku aliyopewa majibu ya mwisho hakwenda kibandani. Alikuja moja kwa moja kwangu Chumbageni, akapiga hodi, akasimama mlangoni, karatasi haijakunjuliwa.

"Shikamoo mamkubwa. Nisomee. Wameniambia hasi. Hiyo ndiyo nzuri, au ndiyo mbaya?"

Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Chumbageni, Tanga.
(Jina langu mnalo.)